Koko yako amezikwa wapi? Makaburi yaliyopotea na vitabu vilivyobaki katika Kivu

Hapa kwetu Kivu, swali hili haliulizwi matangani tu. Linaulizwa mbele ya chifu wa grupema wakati watu wawili wanagombea shamba moja. Linaulizwa na wazee wa msichana siku wajumbe wanapokuja kuomba uchumba, maana wanataka kujua kama pande mbili si damu moja. Linaulizwa pia na mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hajaona kijiji cha wazazi wake hata siku moja: koko yangu amezikwa wapi?

Zamani jibu lilikuwa fupi. Mzee alinyoosha mkono kuelekea mgombani na maneno yakaisha. Kaburi lilikuwa ushahidi kuliko karatasi. Lilionyesha nani alitangulia kukata msitu, nani ni mtoto wa nani, na shamba linaishia wapi. Leo familia nyingi za Masisi, Rutshuru, Nyiragongo, Walikale na Lubero haziwezi kunyoosha mkono tena. Ziko Goma, Minova, Bukavu, Butembo, au ng'ambo ya mpaka. Nyingine zimerudi na kukuta kilima kimebadilika, na wazee waliojua mahali wamekufa njiani.

Ndugu msikilizaji, kupotea kwa kaburi si mwisho wa ukoo. Lakini ili kutafuta vizuri, inafaa kujua makaburi yalipotea namna gani, na nani aliandika nini.

Alama za makaburi ya wazee

Kabla ya misioni, vijiji vingi vyetu havikuwa na makaburi ya pamoja. Mtu alizikwa nyumbani kwake, nyuma ya nyumba au katikati ya migomba. Hapakuwa na saruji wala jina. Alama ilikuwa mti: ule mwembamba wenye majani marefu yaliyochongoka, unaopandwa pia kwenye mipaka ya mashamba, au ule mkubwa ambao magome yake yalitengenezwa nguo. Wengine waliweka mawe. Bami walikuwa na mahali pao pa kuzikwa, na kichaka cha pale hakikukatwa.

Kwa hiyo anayerudi kijijini akitafuta msalaba wa babu wa babu yake anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Atafute miti. Miti miwili au mitatu ya aina hiyo ikiwa imesimama pamoja katikati ya shamba, bila nyumba karibu, mara nyingi inaonyesha kwamba watu waliishi pale. Mawe matatu ya jiko, migomba iliyogeuka kuwa ya porini, udongo mweusi wa jalala: hayo ndiyo mahame, na makaburi hayako mbali.

Makaburi ya pamoja yalikuja na misioni, na makampuni, na kambi za askari. Misioni ilitenga uwanja wake na kuweka misalaba. Mashamba makubwa ya kahawa, chai na pareto yalizika wafanyakazi wake pembeni, mara nyingi mbali na kwao. Kampuni za madini zilifanya vilevile. Mtu aliyetoka Masisi akaenda kufanya kazi Kamituga au Kalima anaweza kuwa amelala huko, na familia yake ilipata habari tu, haikupata mwili.

Kilichoyafuta

Watu hudhani vita ndiyo ilifuta makaburi yetu. Vita imefuta mengi, lakini kazi hiyo ilianza kabla.

Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya mfalme Leopold II ilitangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa na mtu ni mali ya Serikali. Kwa macho ya mzungu, mahame ilikuwa ardhi tupu. Kwa macho ya wenyeji ilikuwa na wenyewe, waliolala chini. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ikapewa nguvu ya kugawa ardhi kwa masetla. Vilima vya Masisi vikawa mashamba na malisho. Ng'ombe wakapita juu ya makaburi, na miti ya alama ikakatwa kama miti mingine.

Mbuga ilifanya kazi kama hiyo. Tarehe 21 Aprili 1925 ilianzishwa Parc National Albert, ambayo tangu 1969 tunaiita Virunga. Mwanzo ilikuwa ndogo, kuzunguka milima ya volkano. Mwaka 1929 na 1935 mipaka ilipanuliwa sana. Familia zilizoishi ndani zilihamishwa, na makaburi yao yakabaki upande ambao mtu haruhusiwi kuingia bila ruhusa. Wazee wa Rutshuru na wa Lubero wakionyesha mbuga na kusema "kule ni kwetu", mara nyingi wanazungumza juu ya makaburi.

Halafu kuna moto wa mlima. Mwaka 1938 Nyamulagira ililipuka, na mlipuko ule ukadumu hadi 1940. Uji wa moto ulishuka hadi Ziwa Kivu, upande wa Sake. Nyiragongo ilimwaga tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Ule wa 2002 ulipita katikati ya Goma hadi ziwani na kuchoma Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mahali mawe hayo yamepita, kaburi halitafutwi tena. Lipo, lakini liko chini ya mwamba. Familia kadhaa za Nyiragongo zinajua hivyo na zimekubali: mwamba wenyewe ndio kaburi.

Vita ilikuja juu ya hayo yote. Waliokufa 1993 Masisi na Walikale, 1996, 1998, 2008, na hawa wa tangu mwisho wa 2021, wengi walizikwa haraka, pembeni ya njia, kadhaa pamoja. Aliyewazika naye alikimbia.

Serikali iliandika nani

Serikali ya kikoloni iliandika sana, lakini iliandika kile ilichokitaka: kodi na kazi. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 iliweka kila mtu chini ya sheferi fulani, na aliyetaka kuhamia sheferi nyingine alihitaji karatasi ya ruhusa. Mwaka huohuo ikaja kodi ya kichwa. Tangu hapo kila mwanaume mzima akaandikwa: jina, baba, kijiji, chifu. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikapanga upya sheferi na sekta, na majina mengi ya grupema tunayotumia leo yalitulia wakati ule.

Angalia upungufu wake. Mwanamke aliandikwa kama bibi wa fulani, mtoto kama mtoto wa fulani. Cha ajabu ni kwamba bibi wa pili na wa tatu walionekana vizuri kuliko wa kwanza, kwa sababu mwanaume mwenye wake wengi alilipishwa kodi ya ziada. Na mtu akifa, jina lilikatwa kwa mstari, basi. Serikali haikuuliza amezikwa wapi.

Karatasi hizo ziko wapi? Nyingi hazipo tena. Ofisi za wilaya na za sheferi ziliporwa mara nyingi, na karatasi zikawashia moto. Lakini sehemu ya nyaraka za utawala ilipelekwa Ubelgiji na sasa inatunzwa katika Hifadhi ya Taifa kule Brussels. Mwenye ndugu Ulaya amwambie hivi: hadi 1933 Kivu ilikuwa ndani ya Province Orientale, makao yake Stanleyville, yaani Kisangani. Baadaye ikawa jimbo la Costermansville, yaani Bukavu. Anayetafuta Masisi ya 1925 chini ya jina la Kivu peke yake anaweza kukosa, wakati karatasi ziko chini ya Stanleyville.

Baada ya uhuru, hesabu ya watu wote ya kweli ilifanyika mara moja tu, mwaka 1984. Tangu 2005 wengi wetu tunajulikana kwa karte ya mpiga kura. Kwa hiyo kati ya kitabu cha kodi cha mkoloni na karte ya leo kuna shimo refu, na katika shimo hilo karatasi inayosaidia zaidi ni ya kanisa.

Kitabu cha parokia

Parokia ya Kikatoliki huwa na vitabu vitatu vinavyotuhusu: cha ubatizo, cha ndoa, na cha wafu. Vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini au Kifaransa. Katika ubatizo utakuta jina la mtoto, la baba, la mama, kijiji, na msimamizi wa ubatizo. Pembeni padri aliongeza baadaye kipaimara na ndoa. Mstari mmoja unaweza kukuonyesha maisha ya mtu kutoka kuzaliwa hadi kuoa.

Mapadri Weupe, walioanzisha misioni nyingi za Kivu, walikuwa na desturi ya kumfundisha mtu mzima miaka minne kabla ya kumbatiza. Kwa hiyo, ukiona koko yako alibatizwa 1934, usihesabu umri wake kutoka hapo. Anaweza kuwa alikuwa na watoto watatu tayari. Upande mwingine, makatekista walibatiza wagonjwa waliokuwa karibu kufa, na majina hayo yaliletwa misioni na kuandikwa. Mtu ambaye hana kaburi linalojulikana anaweza kuwa na mstari pale.

"Lakini parokia yetu ilichomwa," utasema. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni askofu. Sheria ya Kanisa ya 1917, iliyotumika hadi 1983, iliagiza parokia ipeleke kila mwaka nakala ya vitabu vyake kwa askofu. Si kila parokia ilifanya hivyo vizuri, lakini inafaa kuuliza. Jimbo la Goma liliundwa tarehe 30 Juni 1959. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa chini ya Vikarieti ya Kivu, kwa hiyo nakala ya 1940 inaulizwa Bukavu. Upande wa Butembo na Beni una historia yake: walikuwa Waasumsio, waliofika 1929.

Ya pili ni ndoa. Mtu akioa katika parokia nyingine huleta hati ya ubatizo, na hati hiyo inabaki katika faili ya ndoa. Kitabu cha ubatizo cha Masisi kinaweza kuwa kimeungua, na hati ya mtu mmoja kutoka kitabu hicho ikawa bado inalala Bukavu, kwa sababu alioa huko.

Ya tatu ni kitabu cha kila siku cha misioni. Mapadri Weupe waliandika kila jioni mambo ya siku: mvua, ugonjwa, ugomvi wa machifu, kifo cha katekista. Mengi ya hayo yanatunzwa katika hifadhi yao Roma.

Familia za Kiprotestanti ziulize vilevile makanisa yao, CBCA, CEPAC na mengine. Kwa wengi wao ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini, kwa hiyo tarehe mara nyingi ni ya ujana au ya utu uzima. Na kwa familia za Kiislamu, za Kasongo na Kindu hasa, wazee wa msikiti ndio wanaojua makaburi na majina ya waliozikwa.

Majina mawili, mtu mmoja

Wengi hukwama hapa. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yetu ikawa Zaïre, na mwanzoni mwa 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa. Watu walichukua jina la babu, la mto, la methali. Kwa hiyo Joseph wa kitabu cha 1958 na mtu mwenye jina la kiasili katika karatasi ya 1974 wanaweza kuwa mtu mmoja. Usitupe karatasi kwa sababu jina haliko sawa. Linganisha jina la mama na kijiji.

Angalia pia mwandiko. Padri aliandika alivyosikia, kwa tahajia ya kwao. Sauti ya "sh" iliandikwa "ch", na "u" ikawa "ou" au "oe". Soma kwa sauti, na sikio litatambua kile jicho limekikosa. Kwa Wanande kuna ugumu mwingine: majina kama Paluku, Kambale, Kasereka, Masika hueleza nafasi ya mtoto katika uzazi, kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kuwa na Kambale kumi. Tena ni mama na kijiji vinavyowatenganisha.

Kuhesabu miaka bila kalenda

Wazee wetu wengi hawajui mwaka waliozaliwa, lakini wanajua jambo lililotokea. Usimwulize koko, "Ulizaliwa mwaka gani?" Mwulize, "Wakati mlima unachoma kule Sake, ulikuwa umekwisha kutembea?" Hiyo ni 1938 hadi 1940. Babu akisema baba yake alibeba mizigo ya askari hadi Tabora, hiyo ni 1916, wakati jeshi la Force Publique lilipigana na Wajerumani na kuingia Tabora mwezi wa 9. Wapagazi wengi hawakurudi, na makaburi yao yako njiani, Rwanda, Burundi na Tanzania ya leo. Njaa ya Ruzagayura ni 1943 na 1944. Wakati wa Mulele ni 1964. Mamluki wa Schramme ndani ya Bukavu ni 1967. Jambo moja kama hilo linaweza kukuonyesha kitabu gani cha parokia ufungue, na hilo linaokoa siku nzima ya kupekua.

Kaburi si panga

Inabidi tuseme jambo hili wazi. Katika Kivu, kujua mahali babu amelala kumetumika pia kwa kufukuza wengine. Anayetafuta ukoo kwa haki atakuta historia iliyochanganyika. Familia nyingi za Bwisha zilikuwepo kabla wazungu hawajachora mpaka. Nyingine zililetwa Masisi kutoka Rwanda na serikali ya Kibelgiji, kwa mpango ulioanza 1937 na kuisha 1955, na makaburi yao ya zamani zaidi yako ng'ambo. Wahunde waliona vilima vyao vinagawiwa bila kuulizwa. Wanyanga, Watembo, Wanande, Wakumu na Watwa kila mmoja ana mahame yake. Katika kilima kimoja unaweza kukuta makaburi ya watu watatu wenye lugha tatu, waliokopeshana jembe.

Kumbuka pia kwamba tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Kaburi ni ushahidi mkubwa mbele ya wazee, lakini peke yake si cheti cha shamba. Anayekuambia vinginevyo ili umlipe, mwogope. Na majina uliyoyakusanya usiyatandaze ovyo kwenye mitandao. Orodha ya ukoo inayoonyesha nani ametoka kijiji gani inaweza kumletea mtu hatari.

Makaburi yanayopotea sasa

Tumesema juu ya makaburi ya miaka mia. Lakini yanayopotea haraka kuliko yote ni ya juzi.

Kati ya 2022 na mwanzo wa 2025, watu wetu walizikwa kuzunguka kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na Mugunga. Wengine walikufa kwa kipindupindu, wengine kwa njaa, kwa uzazi, kwa mabomu. Mwezi wa 2, 2025, kambi zikavunjwa na familia zikatawanyika kwa siku chache. Msalaba ulikuwa ubao wa hema ulioandikwa kwa makaa au kalamu. Mvua ya Goma haiachi maandishi hayo misimu miwili. Na katika ardhi ya mawe ya volkano, kaburi halikuwa refu wala halikuwa na kilima cha udongo cha kuonyesha.

Watoto wa leo watauliza swali lilelile, na hakutakuwa na kitabu cha kodi, na pengine hata cha parokia. Kwa hiyo kazi ni yetu, tena ni ya mwezi huu.

Chukua daftari la shule. Kwa kila marehemu wa familia andika jina lake lote na jina la utani, jina la baba na la mama, kijiji na grupema alikotoka, siku aliyokufa au jambo lililotokea siku zile, mahali alipozikwa, na majina ya wawili waliochimba kaburi. Mahali paandikwe kwa vitu visivyohama: kilima, mto, kanisa, njia kuu. Usiandike "karibu na hema la fulani", maana hema halipo tena. Kama una telefoni na ni salama kupiga picha, piga mbili: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha mlima. Andika nakala ya pili na umpe ndugu anayeishi mji mwingine.

Kama marehemu alizikwa na watu wa Msalaba Mwekundu, uliza, kwa sababu wao huandika. Wanasaidia pia, bila malipo, kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita. Na watoto waliozaliwa ukimbizini waandikishwe etasivili. Ndani ya siku 90 ni bure. Zikipita, inabidi kupitia kwa hakimu. Mtoto asiyeandikwa leo ndiye koko ambaye wajukuu wake watamtafuta kesho bila kumpata.

Halafu kaeni jioni moja na mzee aliyebaki. Mtu mmoja aulize, mwingine aandike, na watoto wasikilize. Anzeni na swali dogo: mama yake mama yako aliitwa nani, na alitoka kilima gani? Wengi hujua mstari wa baba hadi babu wa tatu, lakini upande wa mama wanasimama kwa koko. Mstari huo wa mama haukuandikwa na mkoloni wala na chifu. Uko kichwani mwa wamama wazee wachache, na baadhi yao wanalala usiku huu katika darasa la shule, kwenye mkeka, wakingoja njia ya kurudi ifunguke.